Kitabu Ambacho Hakijawahi Kuazimwa

Kila shule zikikaribia kufunguliwa, simu yangu hupokea orodha. Zinatoka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, nyingine zimepigwa picha zikiwa na muhuri wa shule: riwaya kumi, kumi na tano, zinazofaa kusomwa na vijana wetu. Chini yake hufuata mabishano yaleyale. Mmoja anauliza mbona hakuna hata mwandishi mmoja wa Uganda. Mwingine anataka kile chenye habari za mimba kiondolewe kabla watoto hawajakiona. Wa tatu anauliza vinapatikana duka gani, na hakuna anayemjibu. Watu hawa wana uchungu wa kweli na watoto wao, wala siwacheki. Ila nadhani tunabishania jambo la pili kabla hatujamaliza la kwanza. Orodha haimpendekezei mtu kitabu. Anayependekeza ni mtu mwingine, tena aliyekwisha kukaa akamsikiliza huyo anayetaka kusoma. Na katika shule zetu nyingi mtu huyo hayupo, au yupo lakini kazi tuliyompa ni kulinda ufunguo.

Nieleze kwa mfano mmoja. Katika shule moja ya bweni mashariki ya Uganda, ambako humsaidia mkutubi baadhi ya Jumamosi, kuna riwaya nyembamba inayomhusu msichana anayepata mimba akiwa mwanafunzi. Ukitazama daftari la kuazima, kitabu hicho hakijawahi kutoka rafuni hata siku moja. Ukikishika mkononi unaona mengine. Uti wake umevunjika mahali pawili, pembe za kurasa zimelainika kama noti ya shilingi elfu moja iliyolala sokoni mwaka mzima, na karibu na katikati pana doa la mafuta ya kupaka lenye umbo la kidole gumba. Ijumaa hakionekani. Jumatatu kimerudi, kimesimama kati ya atlasi mbili ambako hakikuwa. Siri yote iko kwenye daftari lenyewe. Linakaa wazi juu ya meza ya mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi. Anayeazima huandika jina, darasa na jina la kitabu, na anayemfuata kwenye foleni husoma alichoandika mwenzake. Msichana gani wa miaka 15 ataandika jina lake ubavuni mwa kitabu kile, wavulana wa Senior 3, yaani kidato cha tatu, wakimpumulia shingoni?

Sasa fikiria mkondo wa habari hii. Mwalimu mkuu akitaka kujua wanafunzi wake wanasoma nini, atafungua daftari hilo. Mkaguzi akija, ataonyeshwa daftari hilohilo. Kamati ikikaa kutunga orodha ya mwaka ujao, itatenganisha vitabu vinavyotoka na visivyotoka, na kile kinachosomwa kuliko vyote kitahesabiwa hakina mteja. Kisha tutakwenda redioni kusema vijana wa leo hawasomi.

Mabishano haya yamepamba moto sasa kwa sababu, na sababu yenyewe imeeleweka nusu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Uundaji wa Mitaala, ulianza na kidato cha kwanza mwanzoni mwa 2020. Haukumaliza hata muhula mmoja: Machi mwaka huo shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024 na kupata matokeo Februari 2025. Asilimia 20 ya alama zinatoka kwenye kazi za shuleni, 80 kwenye mtihani wa mwisho, na maswali yamebadilika sura. Mtahiniwa hupewa kisa, tuseme kijiji ambacho kisima chake kimechafuka, halafu aulizwe angefanya nini na kwa nini. Wazazi wengi wameyasikia hayo. Ambalo halikusikika sana ni kwamba somo la fasihi ya Kiingereza limewekwa upande wa masomo ya kuchagua. Mwanafunzi asiyelichagua anaweza kupita miaka minne bila mtu kumshurutisha kumaliza riwaya moja nzima. Zamani tulilalamikia vitabu teule, vile vilivyopangwa kwa mtihani wa fasihi, na kwa haki, maana vingine vilifundishwa kama kanuni za kemia. Lakini angalau kila aliyesoma fasihi alilazimika kukaa na wahusika wale hadi ukurasa wa mwisho. Kwa kijana wa leo aliyechagua kilimo au sanaa, rafu ya maktaba ndiyo njia pekee ambayo shule imembakishia ya kukutana na riwaya. Kwa hiyo namna tunavyompendekezea kitabu ina uzito leo kuliko ilivyokuwa kwetu, na sisi tumeijibu haja hiyo kwa karatasi yenye muhuri.

Kati ya hoja zote ninazozisikia, dhaifu kuliko zote ni ya simu. Inasemwa hata na watu wenye akili: vijana wameacha vitabu kwa sababu ya TikTok, basi tuwachagulie vitabu vizuri na tuwanyang'anye simu. Hoja hiyo ina kasoro inayoonekana kwa macho. Shule zetu nyingi za bweni hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Muhula mzima, wiki baada ya wiki, yumo ndani ya ua bila TikTok na bila mtandao. Kama simu ndiyo iliyoua usomaji, maktaba za shule hizo zingejaa hadi madirishani. Nendeni mkaone. Maktaba ni tupu na mlango una kufuli, ilhali bwenini mambo ni mengine kabisa. Matroni mmoja aliwahi kunionyesha alichokikuta chini ya godoro: riwaya ya mapenzi, ya zile zinazouzwa zimetandazwa chini kwenye barabara za katikati ya Kampala, imechanwa vipande vinne. Kila kipande kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi na kupewa namba, ili wasichana wanne wasome usiku mmoja kwa tochi na kubadilishana. Mmoja wao alikuwa amesoma cha kwanza na cha tatu tu. Alinisimulia yaliyomo kwenye cha pili bila kukiona, na nilipokuja kukisoma nikakuta hakukosea sana, jambo linalosema mengi kuhusu riwaya ile na mengi zaidi kuhusu yule binti. Mtu anayeshona kitabu kwa uzi si mtu aliyeacha kusoma.

Wala si jambo geni. Wazazi wanaoandika kwenye makundi hayo ndio waliokua na mfululizo wa riwaya za Pacesetters, ambao wachapishaji Macmillan waliuzindua mwaka 1977, na visa vya Moses vya Barbara Kimenye, mtundu wa shule ya bweni aliyewachekesha vijana wa Afrika Mashariki nzima. Hakuna kamati iliyotuwekea vile kwenye orodha. Vilitufikia kwa mkono wa mwenzetu wa kitanda cha juu, aliyesema, "Wewe unapenda ujanja, shika hiki, ila Ijumaa nirudishie." Changu kimoja kilikamatwa wakati wa prepu, saa ya kujisomea usiku, na sikukiona tena mpaka leo. Ukilipima tukio lile vizuri, unakuta ndani yake kila kitu ambacho orodha inakosa: mtu anayekujua, sababu inayokuhusu wewe, na siku ya kurudisha.

Hoja ya pili, kwamba riwaya zinakula muda wa mtihani, nitaipita haraka. Ilikuwa na nguvu wakati mtihani ulipotaka tarehe na fasili. Mtihani unaokupa kisa na kukuuliza kwa nini wahusika wamefika hapo walipofika, unampa nafasi kubwa aliyezoea kuishi ndani ya visa. Anayeogopa alama basi ndiye mwenye sababu zaidi ya kufungua kabati.

Ya tatu ni nzito, na wanaharakati wa usomaji wanakosea wanapoifanyia mzaha. Ni hofu ya maadili. Mtoto wa miaka 13 aliyeingia Senior 1 jana na kijana wa miaka 19 anayengoja mtihani wa Senior 6 wanatumia rafu moja. Mzazi ana haki ya kuuliza ni nani anayesimama kati yao. Mwalimu mkuu naye anakumbuka mwaka 2018, wizara ya elimu ilipozindua mwongozo wa kitaifa wa elimu ya ujinsia na viongozi wa dini wakaupinga vikali. Anajua kwamba kitabu kimoja kikipigwa picha ukurasa mmoja na kusambazwa, atakayeitwa kujieleza ni yeye na si mwandishi. Woga wake si upumbavu. Lakini tuweke pembeni yake ukweli mwingine. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulikuta kwamba robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, na ule wa 2022 haukuonyesha nafuu ya kutajika. Mwishoni mwa 2020 wizara yenyewe ilitoa miongozo ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Maana yake, ndani ya darasa ambalo tunaliondolea riwaya yenye mimba, huenda ameketi dawati la tatu binti ambaye mwanawe ameachwa kwa bibi. Tunamficha habari ambazo yeye anazijua kutuzidi.

Historia ya fasihi yetu ya Kiswahili ina somo hapa, na nashangaa halitajwi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Ni kisa cha msichana wa Ukerewe, kisiwa kilicho kwenye ziwa hilihili la Viktoria tunaloliita Nalubaale, aliyelelewa kwa mkono mkali wa baba na kuingia duniani bila kuambiwa lolote kuhusu dunia. Ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa kuyataja mambo waziwazi. Miaka ikapita, na kitabu kilekile kikaja kuwa kitabu teule cha sekondari. Maneno yake hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni watu wazima, waliotambua kwamba kisa kile kinaonya dhidi ya ukimya wenyewe uliokifungia. Sisemi kila kilichofungiwa ni hazina. Takataka pia hufungiwa, na mara nyingi kwa haki. Ninachosema ni kwamba swali la maadili halijibiwi kwa ndiyo au hapana ya milele. Jibu lake linamtegemea msomaji na wakati alio nao. Mkutubi mwenye busara anaweza kumwambia mtoto wa Senior 1, "Hicho kiache kidogo, anza na hiki, mwakani njoo tuzungumze." Orodha haina ulimi wa kusema mwakani.

Na kuna kosa la upande wa pili, la watu wema kupita kiasi, ambalo limeingia mashuleni pamoja na miradi. Hawa hawafungii vitabu. Wao huvigawa kama vidonge. Binti aliyefiwa anapewa riwaya ya msiba, aliyezaa anapewa riwaya ya mimba za utotoni, mvulana anayepigana anapewa hadithi ya mvulana aliyekuwa akipigana akaokoka. Kijana huliona jambo hilo kabla hajafika ukurasa wa pili, na hujua kwamba kitabu hiki ni hotuba iliyovaa jalada. Mkutubi ninayemsaidia alisimuliwa na mwenzake wa shule nyingine kuhusu msichana aliyerudi darasani baada ya kujifungua. Kila mwalimu alimletea kitabu kuhusu wasichana kama yeye. Yeye alitaka hadithi ya upelelezi, ndefu, yenye maiti kwenye sura ya kwanza, kwa sababu usiku ananyonyesha na anahitaji kitu cha kumweka macho. Sijui kama umewahi kusikia sababu bora kuliko hiyo ya kuazima kitabu.

Hoja ya nne, ya kusoma vya kwetu kwanza, naiunga mkono kwa mkono mmoja. Rafu nyingi zimejazwa na maboksi ya msaada, na maboksi hayo hayakupangwa na mtu aliyefikiria msomaji wa Tororo au Masindi. Nimehesabu mwenyewe mfululizo mmoja wa Marekani ambao una kitabu cha tatu, cha tano na cha sita; cha kwanza hakijawahi kufika Uganda, nadhani kiko kwenye kontena la nchi nyingine. Kijana akianza na cha tatu asielewe, hasemi mpangilio ni mbaya. Anasema, "Mimi si mtu wa vitabu." Hapo wenye hoja wana haki: tununue vya hapa, na tangu kina Okot p'Bitek hadi waandishi waliolelewa na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, hatujapungukiwa na watu wa kuandika. Mkono wa pili nauzuia kwa sababu sharti hilo likigeuka sheria, linampokonya kijana haki ya kutoka nje. Mvulana wa Karamoja anayetaka kusoma kuhusu majoka ya theluji hajamsaliti ng'ombe wake yeyote. Anayependekeza vizuri humpa majoka, akirudi humwonyesha kwamba kwetu pia kuna hadithi za viumbe vya kutisha, na nyingine ziko chini ya ziwa.

Lakini mahali ambapo orodha zinashindwa kabisa, na ambapo wachambuzi wenzangu wamepita kimya, ni rafu ya Kiswahili. Tukumbuke tulikotoka. Kwa sehemu kubwa ya nchi hii, kusini hasa, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wapo akina mama wa Buganda ambao hadi leo wakisikia sentensi mbili za Kiswahili gizani huangalia mlango. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kusomeshwa kwa lazima shuleni kukapendekezwa. Kwenye karatasi lugha imeheshimika. Kichwani mwa mtoto wa Mukono bado ni lugha ambayo mtu huambiwa alale chini. Unaibadilishaje sauti hiyo? Somo la ngeli halitaibadilisha. Itabadilika siku mtoto huyo atakaposoma Kiswahili ambacho ndani yake mvulana anashindwa kumwambia msichana anampenda, anatokwa jasho, anazungumzia hali ya hewa badala yake. Riwaya ya vijana ndiyo inayoweza kuifanya kazi hiyo, na ndiyo ambayo hatuna.

Nieleze ninavyoona pengo lilivyo. Mwanafunzi wa Uganda wa miaka 15 ana Kiswahili cha miaka miwili na moyo wa miaka kumi na mitano. Umri wa lugha yake na umri wake haviendi sambamba. Mwalimu anamletea kitabu cha sungura na fisi kwa kuwa maneno ni mepesi, naye anaona anadharauliwa, na ni kweli anadharauliwa. Au anamletea riwaya iliyoandikwa kwa vijana wa Tanga na Mombasa walioamka na lugha hii kinywani, naye anazama kwenye aya ya kwanza. Kumpa Shaaban Robert mtoto wa Senior 2 wa Mbarara ni ukatili, hata kama tunampenda sana Shaaban Robert. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, yenye kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale, si mbali na mpaka wetu wa Suam, ingemfaa sana, lakini baada ya hatua nne tano ambazo hakuna aliyeziandika: vitabu vya kurasa 60, sentensi fupi, na mambo ya watu wenye miaka 15. Wachapishaji wanaoshindania vitabu vya kiada wangeliona soko hili wangepata kazi ya muongo mzima.

Kisha kwenye darasa hilohilo yupo msomaji wa namna nyingine. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wa Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali wamekuja na Kiswahili chao cha Bunia na Goma. Binti kama huyo anaongea lugha kwa kasi kuliko mwalimu wake, lakini mwalimu anamkosoa kila anaposema "kitabu yangu", na shule aliyoanzia ilikuwa ya Kifaransa. Kwake hatua nne tano zile zingekuwa upuuzi. Yeye anaweza kupewa riwaya nzito leo na kuimaliza wiki ijayo, kwa kuisoma kwa sauti, kama wanavyosoma wengi waliojifunza lugha kwa masikio. Orodha moja ya "Kiswahili, Senior 2" inawakosa wote wawili. Mtu anayeuliza maswali mawili angewapata ndani ya dakika tano: kitabu gani cha mwisho ulikimaliza, na kile ulichokiacha ulikiachia wapi? Swali la pili lina faida kuliko la kwanza. Aliyeachia ukurasa wa tatu alishindwa na lugha. Aliyeachia katikati alichoka na hadithi. Aliyeachia karibu na mwisho, mara nyingi, aliitwa kuteka maji.

Najua jibu nitakalopewa. Mkutubi ni nani? Katika shule nyingi ni mwalimu wa historia mwenye vipindi vyake vyote, aliyeongezewa maktaba bila kuongezewa shilingi. Tangu elimu ya sekondari kwa wote ilipoanza mwaka 2007 na madarasa kufurika, kuna shule ambako chumba cha vitabu kimegeuka darasa na vitabu vimehamia kwenye kabati la ofisi. Kumtaka mwalimu huyo amsikilize kila mtoto ni kuota mchana. Hoja hiyo naikubali, na naikubali orodha pia, mahali pake: kwenye kununua. Mtu akiwa na fedha kidogo na duka moja, orodha nzuri inamwepusha na hasara. Isitoke dukani ikaenda kusimama mlangoni mwa maktaba.

Tena si kila kitu kinataka fedha. Daftari likiingizwa ndani ya droo, na mwanafunzi akaandikwa kwa namba, bila jina lake wala la kitabu kusomwa na foleni nzima, gharama yake ni droo. Ruhusa ya kurudisha kitabu bila kukimaliza na bila kuulizwa haigharimu chochote. Kuacha kudai muhtasari wa kila kitabu kilichoazimwa ni kumpunguzia mwalimu kazi. Hili la muhtasari linanitia wasiwasi hasa, kwa sababu ya ile asilimia 20. Nimeshasikia shule zinazofikiria kuhesabu vitabu vilivyosomwa kama sehemu ya kazi za muhula, kwa nia njema kabisa. Zikifanya hivyo, ndani ya mwaka mmoja watoto watakuwa wanaazima vilivyo vyembamba, wananakili muhtasari wa kaka zao, na kitabu cha uzi mweusi kitaendelea kusomwa chini ya godoro, bila alama, kwa furaha.

Fomu ya manunuzi ilipokuja shuleni pale muhula uliopita, vitabu vya kiada vilijaza kurasa mbili, na mwisho ikabaki mistari sita chini ya neno "vinginevyo". Mkutubi hakunakili orodha ya wazazi. Aliweka boksi la viatu dirishani, lenye tundu juu, akawaambia wanafunzi waandike wanachotaka kusoma bila kuandika majina. Tulizifungua karatasi pamoja. Kitabu cha mpira lakini si cha Ulaya. Cha kutisha, ila kisiwe cha mapepo ya kanisani. Hadithi ya msichana anayejua hesabu. Cha mapenzi, na asife mtu. Moja, kwa mwandiko wa kulala, iliomba "kitabu ya safari, mrefu". Alihangaika siku tatu kupata majina sita yanayokaribia maombi hayo. Naibu mwalimu mkuu akafuta mawili kwa wino mwekundu, cha mapenzi na cha kutisha. Manne yaliyobaki tunayangoja. Boksi bado liko dirishani, na Jumamosi iliyopita tulikuta humo karatasi ileile ya mapenzi, safari hii imepigiwa mstari mara tatu.